Siku Moja Ujiji Pamoja na Mwenzangu

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeikunjua ardhi akatia ndani yake milima na maziwa, na sala na salamu zimfikie Bwana wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo, ndugu wasomaji, leo napenda tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi hulihesabu kuwa dogo, nalo ni mtu kutoka na mke wake kwa siku moja, wakaenda mahali, wakatazama, wakala, wakarudi kwao salama.

Khasa katika miji yetu na vijiji vyetu, mwanamume husafiri kwa biashara, kwa maulidi, kwa kuzuru jamaa na kwa kupunga upepo tu. Mwanamke yeye safari zake ni mbili: msiba na ugonjwa. Ukimwona mama wa makamo yuko njiani na bahasha mkononi, ujue anakwenda hospitali. Na ukimwona na mkeka kichwani, ujue kuna tanga. Na mume akionekana anatembea na mkewe mjini bila ya sababu hizo mbili, watu hucheka pembeni na kusema kuwa fulani siku hizi amekuwa mtalii.

Lakini tukirudi katika sira ya Mtume (S.A.W.) tunakuta kwamba alikuwa akisafiri na wakeze, akipiga kura baina yao ili asimdhulumu yeyote. Na tunakuta kwamba alishindana mbio na Bibi Aisha (R.A.) njiani, mara ya kwanza akashindwa yeye, na mara ya pili akashinda. Huyu ndiye mbora wa viumbe, na mzigo wa umma wote uko mabegani mwake, naye alipata wasaa wa kukimbia na mkewe. Basi sisi wenye mashamba ya maharage na darasa la watoto thelathini, tuna shughuli gani iliyo kubwa kuliko yake?

Mimi ni mtu wa Heru Juu, katika nyanda za juu za Kasulu, mkoa wa Kigoma. Wasomaji wengi wa pwani hawapajui, basi niwaeleze kidogo. Hapa palikuwa makao ya Mwami wa Heru, mmoja wa watawala wa Waha, mpaka utawala wa jadi ulipoondolewa Tanganyika nzima mwaka 1963. Ni nchi ya vilima na migomba, ya kahawa na maharage, na asubuhi zake ni za baridi. Sisi Waislamu hapa si wengi kama nyinyi huko, na dini yetu imetufikia kwa njia ya Ujiji, mji wa kale ulio ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, kusini kidogo ya Kigoma mjini. Huko ndiko nilikosoma chuoni nikiwa kijana katika miaka ya 1970, nikaja kufundisha huku mpaka leo.

Mwenzangu naye ana nasaba na Ujiji. Mama wa bibi yake aliletwa pale akiwa mtoto wa kike asiyebaleghe, kutoka nchi ya Manyema upande wa pili wa ziwa, ambayo leo imo katika Kongo. Aliletwa akiwa ametekwa. Khabari hiyo husimuliwa katika ukoo wao kwa sauti ndogo, na kwa miaka mingi mwenzangu alikuwa akitamani kuuona mji huo kwa macho ya mtu aliye na nafasi. Alikuwa ameshafika Ujiji mara nyingi, lakini kila mara alikuta jeneza au mgonjwa. Basi tulipomaliza mavuno, tukaweka fedha kidogo pembeni, nikamwambia, "Mama watoto, Jumamosi tunakwenda Ujiji." Akaniuliza, "Kafariki nani, Mwalimu?" Nikamwambia, "Hajafariki mtu. Tunakwenda kutembea."

Tulitoka baada ya sala ya alfajiri, tukapanda gari Kasulu mjini. Zamani njia hii ilikuwa ya vumbi na matope, na sisi wanafunzi tulikuwa tukipanda juu ya magunia ya maharage katika malori, tukifika tumebadilika rangi. Leo ni lami, na mtu anateremka kutoka kwenye baridi mpaka kwenye joto la ziwa kabla ya chai yake kushuka tumboni. Tulipopita Kidahwe mwenzangu akavua shali, na michikichi ikaanza kuonekana kila upande.

Kitu cha kwanza tulichofanya Ujiji ni kunywa chai. Tulikaa katika kibanda cha mama mmoja, tukala vitumbua vya moto, na nilimwona mwenzangu anavitazama vile vitumbua kwa namna ya fundi anayekagua kazi ya fundi mwenziwe. Akasema ni vizuri. Kwa mwanamke aliyepika kila asubuhi kwa zaidi ya miaka arubaini, kuletewa sahani na mtu mwingine, hali ameketi, si jambo dogo. Alipotaka kuinuka kuosha vikombe, mama yule alimshika mkono akamwambia, "Dada, leo wewe ni mgeni."

Kisha tukaenda ufukweni. Ziwa hili lina urefu wa kilomita 670 hivi, na kina chake ni mita 1,470, la pili duniani kwa kina baada ya ziwa Baikal la Urusi. Hapo ufukweni mafundi walikuwa wakiunda mitumbwi ya mbao, wakisindika pamba katika nafasi za mbao ili maji yasiingie, kazi ile ile ambayo nyinyi wa pwani mnaiita kutia kalafati. Wanawake walikuwa wakianika dagaa. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni taa za betri na za jua. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi hupumzika, kwa sababu samaki haifuati taa ikiwa mbingu yote ni nuru. Mama mmoja alitueleza jinsi walivyobana matumizi mwaka 2024, Serikali ilipofunga uvuvi katika ziwa hili kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti ili samaki wazaliane. Walilalamika, akasema, lakini walielewa kwamba mchukuaji asiyepumzisha humaliza. Ndugu wasomaji, hata ziwa lina haki yake ya kupumzika, sembuse mke?

Sasa nieleze ukale wa mji huu, maana mtu aliyeuona msikiti mkuu wa Kilwa Kisiwani, mji ambao Ibn Battuta aliufikia mwaka 1331, akija Ujiji atauliza, "Magofu yako wapi?" Ujiji hauna majumba ya mawe ya karne hizo. Ukale wake uko katika watu wake na katika njia iliyoufikisha hapo. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kupitia Tabora mpaka Ujiji ni kiasi cha kilomita 1,200, kwa miguu. Waingereza Burton na Speke waliiacha pwani mwezi wa Juni 1857 na kufika Ujiji Februari 1858, na waliowaonyesha njia walikuwa watu wa pwani na wa bara walioijua kabla yao. Hapo waliishi Waswahili, Waarabu, Wajiji, Wamanyema na wengineo. Mkubwa wa mji katika zama hizo za misafara alikuwa Mwinyi Kheri, mtu wa mrima, na baada yake akawa na nguvu Muhammad bin Khalfan al-Barwani, aliyejulikana kwa jina la Rumaliza. Waha wa milimani walikuwa wakiteremka na mbuzi na vyakula, na chumvi ya Uvinza, wakanunua kwa shanga. Kwa hiyo Kiswahili, kanzu, wali na maulidi vilikuwako ukingoni mwa ziwa hili kabla ya reli. Reli ilipofika mwaka 1914 ilikwenda Kigoma, ambako bandari ni nzuri zaidi, na Ujiji ukaachwa ukae na khabari zake.

Tukafika mahali pa kumbukumbu ya Livingstone, chini ya miembe. Mzungu huyo alifika Ujiji mara ya kwanza mwaka 1869, na mwaka 1871 mwandishi wa gazeti, Stanley, akamkuta hapo. Mwembe wenyewe waliokutana chini yake ulikwisha kufa, na hii iliyopo ni vizazi vyake. Kuna mnara wa mawe, na kuna jumba la makumbusho. Watu wengi wanaokuja hapo huja kwa ajili ya wazungu wawili waliosalimiana. Ni wachache wanaokumbuka kwamba aliyetoka mbio kumpokea Stanley ni Susi, na kwamba Livingstone alipokufa mwaka 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia, Susi na Chuma na wenzao ndio walioubeba mwili wake miezi na miezi mpaka Bagamoyo.

Mwenzangu hakuwa na haja na wazungu. Alisimama mbele ya khabari za misafara ya watumwa kwa muda mrefu. Kuna maelezo kwamba Julai 1871, muda mfupi kabla ya kurudi Ujiji, Livingstone alishuhudia watu wa misafara wakiwapiga bunduki wanawake na wanaume waliokuja sokoni Nyangwe, katika Manyema, kando ya mto Lualaba, wakafa mamia. Mwenzangu akarudia jina hilo la Manyema polepole. Kisha akanigeukia akaniuliza, mbele ya watu, "Mwalimu, hawa waliowateka wale, walikuwa wakisali?"

Pale palikuwa na kijana mmoja aliyevaa vizuri, naye kwa ghera ya dini akamjibu kabla yangu. Akasema, "Mama, hayo yameandikwa na Wazungu ili watuchafue." Mwenzangu akamtazama kama anavyowatazama wanawe, akamwambia, "Mwanangu, mama wa bibi yangu hakuwa Mzungu, wala hakujua kuandika. Alikuwa na kovu hapa," akagusa shingo yake. Yule kijana akanyamaza, akasema, "Samahani, mama," na ni kijana mwenye adabu, Mungu amzidishie.

Mimi nikamjibu mwenzangu hivi: ndiyo, wengine walikuwa wakisali. Na sala zao hazikuihalalisha kazi ile. Sharia haikumpa mtu ruhusa ya kuvamia kijiji cha watu walio huru, waliolala majumbani mwao, akawafunga na kuwauza kwa pembe na nguo. Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba mtu anayemuuza muungwana na kula thamani yake, Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa mshindani wake Siku ya Kiyama. Dini hii imefanya kumwacha huru mtumwa kuwa kafara ya madhambi, na imelitia fungu la kuwakomboa watumwa katika mafungu manane ya zaka. Basi mtu aliyeigeuza nchi nzima kuwa shamba la kuvuna binadamu, hata akiwa na tasbihi mkononi, alikwenda kinyume na dini aliyoibeba. Tusimtetee kwa kuwa jina lake linafanana na majina yetu. Na mkoloni naye alidhulumu, khabari yake tunaijua, lakini dhulma ya jirani haifuti dhulma ya nyumbani.

Akanyamaza kidogo, kisha akauliza swali la pili, nalo lilikuwa zito kuliko la kwanza. "Na Uislamu wangu mimi, Mwalimu, si umenijia kwa mlango huo huo?" Kwani ni kweli: yule mtoto alifundishwa Fatiha katika nyumba ya mtu aliyemnunua. Baadaye akaachwa huru, akaolewa, akazaa, na wajukuu wake ndio waliopanda milimani wakafika kwetu. Nikamuuliza mwenzangu, yeye mwenyewe yule mama alikuwa akisemaje? Akanijibu kuwa bibi yake alimsikia akisema, "Walioniteka hawakunipa Mungu. Mungu nilimkuta yuko pamoja nami katika mtumbwi." Wallahi, mimi nimesoma vitabu miaka mingi, na sikuwa na la kuongeza juu ya maneno hayo.

Hapo akataka kuonyeshwa mahali mitumbwi ilipokuwa ikifikia. Wengi huonyesha ufukwe wa leo, lakini ziwa la zamani hizo lilikuwa juu zaidi. Mnamo mwaka 1878 maji yalivunja kizuizi cha mto Lukuga, upande wa Kongo, yakatoka kwa wingi, na katika miaka iliyofuata ziwa likashuka mita nyingi, ufukwe ukarudi nyuma. Kwa hiyo palipokuwa pakifikia vyombo zamani, leo ni nchi kavu, karibu na kumbukumbu ile ile. Tulikuwa tumesimama hapo hapo. Mwenzangu akavua viatu, akainua mikono, akamsomea marehemu Fatiha. Nami nikaitikia amina. Watoto waliokuwa wakicheza wakasimama, wakainua mikono nao, bila ya kujua ni nani anayeombewa.

Tukasali adhuhuri msikitini, yeye upande wa wanawake, kisha tukaenda kula. Mahali penyewe palikuwa mgahawa mdogo wenye mabenchi, na chakula kilikuwa cha Ujiji hasa: mgebuka uliokaangwa kisha ukaungwa kwa mawese na nyanya, ugali wa muhogo mweupe unaonata, na kisamvu kilichotwangwa, ambacho wenyewe wanakiita sombe. Nyinyi wa pwani kisamvu mnakitia nazi. Huku tui letu ni mawese, na rangi yake humfanya mgeni adhani ni pilipili. Niliomba sahani moja kubwa badala ya mbili. Mwenye mgahawa akatabasamu, akaleta. Tukanawa, tukapiga bismillahi, tukala pamoja. Kwa desturi ya wengi wetu mume hula barazani na mke jikoni, na kila mmoja humaliza umri wake hajui mwenziwe anapenda upande gani wa samaki. Siku hiyo nilijua kuwa mwenzangu anapenda kichwa. Na Mtume (S.A.W.) ametueleza kwamba hata tonge anayoitia mtu kinywani mwa mkewe ina thawabu yake. Nikamtilia moja. Akaona haya, akatazama huku na huku, kisha akala.

Mzee mmoja wa Ujiji aliyekuwa meza ya pili alitusikia tukizungumza khabari za asubuhi, akasogea, akatuambia, "Sisi sote hapa babu zetu walishuka katika mitumbwi. Wengine walikuwa wamekaa juu na bunduki, wengine wamefungwa chini. Leo tunaoana, na makaburi yao yako pamoja. Lakini wapo watu mpaka leo wakitaka kuposa huulizana, fulani ni mtoto wa nani, yaani alikaa juu au chini." Nikamwambia hilo ndilo lililobaki la utumwa, nalo halikuondolewa na sharia ya mwaka 1922 iliyoumaliza utumwa Tanganyika, kwani liko katika ndimi zetu.

Ndugu wasomaji, nataka tuchukue mambo matatu katika safari hii.

La kwanza: mtoe mwenzako. Si lazima uende mbali wala utumie fedha nyingi. Sisi tulitumia nauli na milo miwili. Mwenyezi Mungu ametuamrisha tutembee katika ardhi na tuangalie yaliyowapata waliotutangulia, na amri hiyo hakuwaambia wanaume peke yao. Katika siku ile mke wangu aliuliza maswali ambayo katika miaka arubaini ya jikoni na barazani hayakupata mahali pa kuulizwa.

La pili: tuwafundishe watoto wetu khabari za misafara kama zilivyokuwa. Kule pwani mna Bagamoyo, mna Kilwa, mna Unguja; msiwaonyeshe watoto milango ya nakshi mkanyamazia waliopitishwa mlangoni. Mtoto akiyajua haya kwa mwalimu wake wa dini, pamoja na hukumu yake, imani yake itathibiti. Akiyajua kwa mtu mwingine, atauliza kwa nini tulimficha. Mimi katika chuo changu nimekwisha kulitia somo hili baada ya mlango wa zaka, pale panapotajwa fungu la kuwakomboa watumwa, na wanafunzi huuliza kweli kweli.

La tatu, nalo ndilo linalotuuma sote: tuache kuulizana nasaba kwa nia ya kudharauliana. Bilal (R.A.) alikuwa mtumwa, naye ndiye aliyechaguliwa kuadhini. Binti wa watu anapokuja kuposwa, tuulize dini yake na tabia yake. Tukiuliza babu yake alishuka vipi kutoka katika chombo, tutakuwa tumesimama upande wa walioshika bunduki, hata kama sisi hatukuzaliwa zama hizo.

Tulirudi Kasulu jua likizama, na kapu la dagaa wa majirani, wakiwamo wale waliotucheka asubuhi. Mwenyezi Mungu awarehemu waliovushwa maji hayo kwa dhulma, waliofika na wasiofika. Atujaalie tuwe wema kwa wake zetu na wa kweli kwa watoto wetu, na atufishe hali ya kuwa hapana mja wake hata mmoja mwenye deni la dhulma juu yetu. Amina.